Dakika Mbili za Maji ya Mzee Anaeli

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, si ile niliyokabidhiwa diploma yangu ya hali ya hewa, wala si ile niliyomaliza kuezeka ghorofa ya kwanza kujengwa katika kijiji chetu huku Machame. Hizo nazikumbuka pia, na nikipata msikilizaji nazisimulia zote mbili bila kuchoka. Lakini inayonijia nikiwa nimekaa peke yangu ni jioni moja ya Januari. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, nimesimama kando ya mfereji na saa ya mkononi, nikimfundisha mtu aliyenizidi umri mara mbili jinsi jua linavyozama.

Nikuambie kwanza mimi ni nani, maana siku hizi watu wanadhani kila mwenye nyumba nzuri alirithi. Mimi sikurithi. Nilianza kwa kuwabebea wageni mizigo mlimani. Hapa Moshi wabebaji tunawaita wagumu, na mimi nilikuwa mgumu kwelikweli: kilo ishirini kichwani, mvua inanyesha, na kitabu cha fizikia nimekifunga kwenye mfuko wa nailoni kifuani ili kisilowe. Wenzangu wakilala kambini, mimi nilisoma. Ada ya chuo nililipa mwenyewe, safari kwa safari. Nikapata diploma, nikapata kazi ng'ambo, kwenye kituo cha hali ya hewa katika nchi ya kaskazini ambako wakati wa baridi jua halichomozi kabisa kwa majuma mengi. Nilikaa huko miaka saba. Kisha nikarudi nyumbani na vyombo vyangu, na vitabu vyangu, na mdomo wangu.

Huko ndiko nilikojifunza kwamba jua linalozama hutudanganya. Tia kijiti kwenye ndoo ya maji, utakiona kama kimevunjika pale kinapoingia majini. Hakikuvunjika, ni mwanga uliopindika. Hewa nayo hufanya vivyo hivyo. Juu kabisa ni nyepesi, huku chini ni nzito, na mwanga wa jua ukipita kutoka kwenye ile nyepesi kuja kwenye hii nzito hupinda kidogo kuelekea ardhini. Jicho halijui habari za kupinda. Jicho huamini kwamba kila mwanga umekuja kwa njia iliyonyooka, kwa hiyo hulipandisha jua juu kuliko lilipo. Jua likiwa kwenye ukingo wa dunia, hupandishwa kiasi cha upana wake lenyewe. Na kwa kuwa sehemu ya chini hupandishwa zaidi kuliko ya juu, duara lake hubonyea, likawa kama andazi lililokaliwa. Wekundu wake ni habari nyingine, ya vumbi na ya unene wa hewa, hiyo nitakueleza siku nyingine. Neno lenyewe ni hili: unapoliona jua limegusa tambarare kwa ukingo wake wa chini, ujue limeshazama lote. Unachokitazama ni mwanga wake tu.

Ni kweli tupu. Ningesimama nayo mbele ya profesa yeyote. Ila elimu ni kama panga, mwanangu. Mwenye akili hulinoa kwa ajili ya mgomba, si kwa ajili ya jirani.

Mwaka huo vuli ilitutupa. Mawingu yalikuja, yakaizunguka Kibo, yakaondoka. Kufikia Januari migomba ilikuwa imekunja majani, na kila mtu alitegemea mfongo, yaani ule mfereji waliouchimba babu zetu kuleta maji kutoka korongoni. Maji ya mfongo huenda kwa zamu, na zamu zetu hazikuandikwa popote. Mzee Anaeli, jirani yetu, alimwagilia kuanzia alasiri mpaka jua kumezwa na tambarare. Sisi wa nyumba ya Ndelilio, ndiyo nyumba ya baba yangu, tulianzia hapo mpaka giza la kutoona kiganja. Mwezi wa Januari, ukisimama kwenye mgongo wa kilima chetu, jua halizamii mlima Meru. Huzama kushoto kwake, mbali kule Simanjiro, ambako nchi ni bapa. Basi kila jioni watu walisimama pale kwenye mlango wa maji wakilitazama, na likipotea, mmoja aliziba kwake kwa gogo la mgomba na tope, mwingine akafungua.

Mzee Anaeli ndiye aliyekuwa mzee wa mfongo. Ukuta ukibomoka, yeye ndiye aliyepuliza pembe kuita watu. Alikuwa rika la baba, wamebatizwa siku moja, wamepata kipaimara pamoja. Hata sweta niliyopandia mlimani mara ya kwanza ilikuwa yake, alinivua koti langu la mpira akanivisha. Nakuambia haya ili ujue nilimkosea mtu wa namna gani.

Nilikuwa nimepanda kabichi, kwa mistari iliyopimwa kwa kamba, nikitaka kijiji kione kilimo cha msomi. Kabichi zinataka maji. Jioni ile nilifika mapema, jua likiwa linakaribia kugusa tambarare. Walikuwapo vijana wawili wa jirani wakinywesha ng'ombe.

"Shikamoo, Mzee Anaeli."

"Marahaba, mwana wa Ndelilio. Umewahi leo. Jua lako bado."

"Limeshafika, mzee. Limepita kabisa."

Akageuka, akalitazama. Lilikuwa limekaa pale, jekundu, limebonyea. "Na lile ni nini? Boga?"

Vijana wakacheka. Nami nikacheka, lakini si kwa moyo. Nikaanza kumweleza yale niliyokueleza wewe, ila si kwa upole huu. Nilinyoosha kidole kama mwalimu. Nilitaja nyuzi na sehemu za nyuzi. Yeye alisikiliza mpaka mwisho, ameegemea jembe.

"Ni jambo zuri," akasema. "Kumbe ndivyo. Basi huo mwanga ukipotea, nami nitaziba."

"Lakini kwa hesabu, mzee, zamu yangu imeanza sasa hivi."

"Hesabu ya nani?"

"Ya sayansi."

"Mwanangu, waliochimba mfongo huu hawakugawana jua lililo chini ya ardhi. Waligawana lile wanaloliona wote, hata asiyekwenda shule."

Ningenyamaza hapo, leo nisingekuwa na cha kukuhadithia. Lakini kijana mmoja akapiga mluzi, akasema, "Dokta wa Jua, umeshindwa!" Mwenzake akadakia, "Hajashindwa! Kumbe mzee anatupiga dakika kila siku?" Sifa ni pombe, mwanangu, na mimi nilikuwa nimeshazoea kuinywa. Nikainua saa yangu wote waione.

"Dakika mbili kila zamu," nikasema. "Piga hesabu ya miaka yote hii. Kule nilikokuwa, huo tungeuita wizi wa maji."

Vijana waliacha kucheka. Wazee wetu walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilikuwa nimejikwaa mbele ya mashahidi. Hapa kwetu waweza kumwita mtu mlevi, mchoyo, hata mvivu, na kesho mkanywa mbege pamoja. Lakini mwizi wa maji ni mtu aliyekausha watoto wa wenzake. Na nilikuwa nimemwita hivyo mlinzi wa mfongo.

"Wizi," akasema Mzee Anaeli, taratibu, kama mtu anayeonja chakula asichokijua. Kisha akainama, akaliburuta gogo la mgomba kwa mikono yake, akaziba upande wake, akafungua wangu. "Chukua, baba. Yote."

Akabeba jembe akaenda zake. Bustani ya mboga ya mkewe, Bibi Aikande, ilikuwa mwisho kabisa wa shamba lao. Maji yaliyoifikia yalikuwa yale ya dakika za mwisho. Hilo nilikuja kulijua baadaye. Wakati ule nilitazama saa yangu mpaka jua likapotea. Tangu ukingo wake ulipogusa tambarare, zilikuwa dakika mbili na sekunde chache. Nilikuwa sahihi, na hapo ndipo paliponiuma baadaye, maana mtu aliyekosea hesabu anaweza kusema hakujua.

Nilipofika nyumbani, habari ilikuwa imenitangulia. Baba alikuwa akimkatia ng'ombe majani ya mgomba.

"Umemwita Anaeli mwizi?"

"Nilimweleza jambo la kisayansi, baba."

"Nimekuuliza habari ya ulimi, unanijibu habari ya jua."

Hakupandisha sauti. Alikwenda kwenye ua wa masale unaozunguka kihamba chetu, yaani shamba la ukoo, akakata jani moja refu, akalifunga fundo katikati. Wewe uliyezaliwa Dar labda huyajui masale. Kwetu, ukimkosea mtu, humpelekei maneno mengi. Humpelekea jani la isale. Akilipokea, basi yamekwisha, na mtu mzima haoni fahari kulikataa.

"Mpelekee kesho," baba akasema. "Na umpelekee mchana. Anayeomba msamaha aonekane uso."

Kesho yake sikwenda. Nilikuwa na wageni waliokuja kuona nyumba. Keshokutwa yake nilijiambia kwamba mzee naye alikuwa na kosa lake, kwa nini asikubali kwamba hesabu yangu ni ya kweli? Niliona kwamba nikipeleka jani, kijiji kitasema msomi ameshindwa. Jani likakaa dirishani kwangu, likaanza kugeuka rangi. Na kila jioni, nikienda mfongoni, nilikuta maji yameshafunguliwa upande wangu, jua likiwa bado liko juu, upana wa kiganja kimoja. Mzee Anaeli hakuwepo. Alikuwa ameniachia dakika mbili, na nyingine thelathini juu yake. Niliona bustani ya Bibi Aikande inakauka, mchicha umelala chini kama nguo zilizoanguka kwenye kamba, nami nikamwagilia kabichi zangu. Kila nikijisikia vibaya nilijiambia, bado siku zipo.

Baada ya siku tisa baba aliniita asubuhi. "Anaeli ameshikwa na kifua. Haamki." Mkononi alikuwa na jani jingine, bichi. "Lile lako limeshakauka. Peleka hili."

"Nitakwenda, baba. Acha nijiandae."

Chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Nilijiandaa mpaka alasiri, mwanangu. Nilioga. Nilivaa suti niliyorudi nayo, kwa sababu nilitaka nikiomba msamaha niombe kama mtu mwenye hadhi. Nilikaa kitandani nikipanga maneno, na kila nilipoyapanga nilijikuta nimeweka ndani yake sentensi ya kuonyesha kwamba kuhusu jua nilikuwa na haki. Niliiondoa. Nikairudisha. Kutoka kwetu hadi kwao si mwendo wa robo saa, nami nilitoka nyumbani magharibi imeshaanza kuwa nyekundu.

Nilipofika kwenye mgongo wa kilima, jua likagusa Simanjiro. Utaniambia ningekimbia. Sikukimbia. Nilisimama. Mkono wangu ulijiinua wenyewe, nikatazama saa, nikaanza kuhesabu, nikiwaza kwamba nitamwambia mzee: nimepima tena leo, ni dakika mbili tu, tusigombane kwa dakika mbili. Niliona ni maneno mazuri. Nilisimama pale na jani mkononi nikilitazama jua ambalo nilijua vizuri kuliko mtu yeyote wa kijiji kile kwamba halipo.

Kilio kilianza kabla halijapotea. Kilitoka chini, kwenye migomba ya Mzee Anaeli. Sauti ya mwanamke mmoja kwanza, halafu wengi.

Bibi Aikande alikuwa amekaa mlangoni, kanga imefungwa kichwani. Hakuwa analia. Watu walinipisha kwa sababu ya suti, wakidhani ninatoka mjini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja."

"Nimechelewa, bibi. Nilikuwa hapo juu, nimesikia kilio sasa hivi."

"Kilio ndicho cha sasa hivi. Yeye amekwenda tangu saa tisa. Niliwazuia wasilie mpaka mtoto wake mkubwa afike kutoka Tarakea, asije akayasikia njiani." Akaona mkono wangu. "Hilo ulikuwa unamletea yeye?"

"Ndiyo."

"Alikungoja. Leo asubuhi ameuliza mara mbili, 'Mwana wa Ndelilio hajapita?' Nikamwambia yuko njiani." Akakaza kanga kichwani. "Nilidhani nasema uongo wa kumtuliza mgonjwa. Kumbe ulikuwa njiani kweli."

Nilipiga magoti, suti na yote, nikamnyooshea jani. "Lipokee wewe, bibi."

Akalishika. Kisha akalirudisha kiganjani mwangu na kuvikunja vidole vyangu juu yake, kimoja kimoja, kama mtu anayemfungia mtoto kitu asikidondoshe.

"Mimi hukuniita mwizi," akasema. "Isale hupokelewa na aliyeumizwa. Ingia ndani, baba, ukae na wenzako. Pole na wewe."

Ile pole yake, mwanangu, ningeona afadhali anitemee mate.

Tulimzika kihambani kwake. Nilichimba pamoja na wengine, na hakuna aliyenizuia wala aliyenisemesha. Jeneza lilipokwisha kushuka, nilitoa lile jani mfukoni nikataka kulidondosha kaburini. Baba alinishika kifundo cha mkono. Hajawahi kunishika kwa nguvu vile tangu nilipokuwa mtoto.

"Usimlazimishe akusamehe," akanong'ona. "Huyo sasa hawezi kukataa."

Nikalirudisha mfukoni.

Juma lililofuata watu wa mfongo walikutana kumchagua mlinzi mpya. Baba alisimama, akavua kofia, akasema kwamba nyumba ya Ndelilio inaiacha zamu yake ya jioni, iende kwa watoto wa Anaeli, wao na watoto wao. Hakuniuliza. Mzee mmoja akamwambia, "Ndelilio, na kabichi za kijana?" Baba akajibu, "Kijana ana diploma. Atajua la kufanya." Hakuna aliyecheka. Kabichi zilikufa mstari kwa mstari, zimenyooka kama nilivyozipanda, na tangu siku hiyo tunamwagilia alfajiri, kwa baridi. Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakulitaja jambo lile tena hata mara moja. Ningelipa chochote anitukane.

Sasa na mimi nimekuwa mzee. Ghorofa yangu bado imesimama, na sioni nyingine inayoishinda kwa ukuta ulionyooka. Wanafunzi wa sekondari huja na walimu wao, nami huwapandisha barazani juu, huwaeleza habari ya mwanga na hewa, nao huandika. Najivunia hilo, nami siombi radhi kwa kujivunia, maana nililitolea jasho. Lakini yupo mmoja niliyetaka aijue elimu yangu kwa wema, naye aliipata kwa tusi. Alisema, "Ni jambo zuri, kumbe ndivyo." Alikuwa tayari kujifunza kwangu, mzee yule. Hilo hunijia wakati wanafunzi wakiandika, nami hunyamaza katikati ya sentensi, na walimu wao hudhani nimesahau.

Basi nasaha yangu ni hii. Soma, mwanangu. Soma kuliko mimi, na usimruhusu mtu akutie aibu kwa kujua. Lakini ujue kwamba watu hawaishi pamoja kwa kuwa wana hesabu moja. Wanaishi pamoja kwa kuwa wamekubaliana kukitazama kitu kimoja na kukiamini. Ukiona wamekosea kitu kidogo, jiulize kwanza ni bustani ya nani itakauka ukiwasahihisha. Usimsahihishe mkubwa mbele ya wanaokushangilia. Na ukimkosea mtu, usivae kwa ajili ya kuomba msamaha. Usipange hotuba. Nenda na matope miguuni, nenda ukiwa huna hakika utasema nini. Usihesabu siku kwa kuwa tu mtu bado unamwona amekaa kwake, anaitikia shikamoo yako. Huwezi kujua ni kipi kilichobaki na ni kipi kilichokwisha kuondoka.

Ruwa wa wazee wetu, Mungu mwenye mlima huu, akupe elimu, na akupe mtu wa kuisikiliza bila kuumia. Wale uliowakosea wawe hai siku utakayobisha hodi, na mikono yao iwe na nguvu ya kupokea. Na wale watakaokukosea, uwangoje. Mmoja wao huenda yuko njiani kweli.